Zamu Hubadilika, Mgonjwa Hubaki

Mazungumzo ya ibada redioni. Somo: Luka 10:30–35

  Nawasalimu ninyi wa Dundori, mnaosikiliza huku mkimaliza kukamua ng'ombe katika baridi ya asubuhi. Ninyi wa Bahati na Lanet. Ninyi mlio jijini Nakuru. Na ninyi mlio mbali zaidi. Kwa namna ya pekee nawasalimu wagonjwa mlio vitandani, pamoja na wale waliokesha nanyi usiku huu uliopita.

Asubuhi kama hii, katika hospitali nyingi za nchi yetu, kuna jambo linalotendeka ambalo wengi wetu hatujawahi kulitazama vizuri. Wauguzi wa usiku wanakaribia kwenda nyumbani. Macho yao ni mazito, na miguu inawauma. Wauguzi wa mchana wanaingia. Kwa muda mfupi, pengine nusu saa tu, makundi hayo mawili yanakutana wadini. Wale wanaeleza, hawa wanasikiliza. Kisha wale wanaondoka, na mlango unafungwa nyuma yao. Hayo ndiyo makabidhiano ya zamu.

Ningependa tuyatafakari leo, kwa sababu katika nusu saa hiyo uhai wa mtu unaweza kulindwa au kupotezwa. Tena yana fundisho kwa kila mmoja wetu aliyewahi kukabidhiwa mtu amtunze, yaani sisi sote.

Tuangalie kwanza kazi yenyewe. Ndugu zangu, mgonjwa haendi nyumbani zamu inapokwisha. Homa haijui saa, wala jeraha halingojei kengele. Anayebadilika ni mtunzaji. Katika siku moja mgonjwa hupita mikononi mwa wauguzi wawili au watatu, na katika juma moja hao huwa wengi zaidi. Kila mmoja wao anajua sehemu tu ya habari. Muuguzi wa usiku anajua kwamba mzee wa kitanda cha nne alipumua kwa shida saa tisa usiku. Wa mchana hakuwapo. Asipoambiwa, atamkuta mzee ametulia, atapita.

Ndiyo maana kuna utaratibu. Muuguzi anayeondoka huandika habari za kila mgonjwa katika kadeksi na katika kitabu cha ripoti. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari; na kama ni hivyo kwa mali, si zaidi kwa mtu? Baada ya kuandika, panapofuatwa utaratibu mzuri, yeye na anayempokea hupita pamoja kitanda hadi kitanda. Mgonjwa hutajwa kwa jina lake, wala si kwa ugonjwa wake. Husemwa umri wake, siku aliyolazwa, maradhi yake, yaliyofanywa, na hali aliyo nayo sasa. Huangaliwa chupa ya maji yanayoingia mshipani imebaki kiasi gani. Huangaliwa kama bandeji imelowa damu. Husomwa chati ya joto na ya mapigo ya moyo. Halafu husemwa yaliyobaki: majibu ya damu hayajatoka maabara, sindano inayofuata ni saa nne, huyu asile kitu kwa kuwa anakwenda kupasuliwa.

Kisha huja jambo moja ambalo ningependa mlishike. Katika wadi kuna kabati lenye kufuli, la dawa kali kama mofini na pethidini. Ufunguo wake hautupwi tu mezani. Muuguzi anayetoka na anayeingia husimama pamoja mbele ya kabati, wakazihesabu zile chupa ndogo moja moja, wakalinganisha na daftari, na wote wawili wakatia sahihi. Ikipungua hata moja, lazima itafutwe maelezo.

Msidhani desturi hiyo ni ya leo. Someni Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 9. Mtawakuta Walawi waliokuwa mabawabu wa nyumba ya Mungu. Ndugu zao walitoka vijijini kwao kila baada ya siku saba, wakaingia zamu. Wengine kati yao walisimamia vyombo vya ibada, na imeandikwa kwamba vyombo hivyo viliingizwa kwa hesabu na kutolewa kwa hesabu. Hata katika nyumba ya Mungu, kwa watu waliotengwa kwa kazi takatifu, palikuwa na kuhesabu na kukabidhi. Hawakuona kwamba kuhesabu ni kukosa imani.

Basi tujiulize. Ikiwa chupa ndogo ya dawa haiwezi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine bila macho manne kuiangalia, je, mwanadamu aliyeumbwa na Mungu apite hivi hivi, kwa neno moja la mlangoni?

Maana neno hilo la mlangoni lipo, na kila aliyefanya kazi hospitalini amewahi kulisikia. Muuguzi amechoka, gari la kwenda nyumbani limekaribia kuondoka, naye anasema, "Wote wamelala vizuri, hakuna shida." Si kwamba anasema uongo. Anasema tu neno lisilobeba kitu. Alilala vizuri nani? Pengine mmoja alinyamaza kwa sababu hakuwa na nguvu za kulia.

Chukueni mfano wa mama aliyejifungua alfajiri. Mtoto amelia, jamaa wamefurahi, simu zimepigwa mpaka Ol Kalou na Nairobi. Lakini wakunga wanajua kwamba saa zinazofuata kujifungua zina hatari yake. Kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa ni miongoni mwa mambo makubwa yanayoua akina mama duniani, na sehemu kubwa ya hatari hiyo iko katika siku ya kwanza. Sasa tuseme mkunga wa usiku ameona kwamba damu ya mama huyu inazidi kidogo, na kwamba tumbo la uzazi halijakaza vizuri. Amelikanda, ametoa dawa, amepanga kumwangalia tena baada ya robo saa. Na hapo zamu inakwisha. Akisema, "Mama wa kitanda cha pili amejifungua salama, mtoto wa kike," amesema kweli tupu. Lakini ile robo saa ameondoka nayo kichwani mwake. Mkunga mpya ataanza na kazi nyingine, na mama chini ya blanketi ataendelea kupungua kimya kimya, bila kelele, mpaka mtu atakapoona uso wake umebadilika rangi.

Hapo, wapendwa, hakuna aliyemchukia mama yule. Hakuna aliyekusudia ubaya. Wote wawili wanaweza kuwa watumishi wema, na mama akafa katikati yao.

Florence Nightingale, yule mama wa Kiingereza aliyewauguza askari katika vita vya Krimea, aliliona jambo hili zamani. Katika kitabu chake juu ya uuguzi, kilichotolewa mwaka 1859, aliweka sura nzima kuhusu usimamizi wa mambo madogo. Alifundisha kwamba wema wa mtunzaji haupimwi tu kwa yale anayoyafanya akiwapo, bali pia kwa kupanga ili yale anayoyafanya akiwapo yafanyike wakati hayupo. Aliona kwamba kujitoa kote kwa muuguzi kunaweza kuharibiwa na upungufu huo mmoja.

Sasa na tufungue somo letu. Mara nyingi tumehubiriwa juu ya Msamaria mwema, na mara nyingi mahubiri yamekomea pale njiani: alimwona, akamhurumia, akamfunga majeraha. Lakini hadithi ya Bwana Yesu haikukomea njiani. Msamaria alimpandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, akamleta penye nyumba ya wageni, akamtunza usiku ule. Kesho yake alikuwa na safari. Hakuweza kukaa. Akafanya nini? Je, alitoka kimya alfajiri, akimwacha mtu yule kitandani ili mwenye nyumba amgundue mwenyewe? La. Alimwita mwenye nyumba. Alimkabidhi mgonjwa.

Angalieni jinsi alivyokabidhi. Kwanza, alimkabidhi kwa mtu anayejulikana, si kwa "yeyote atakayepita". Pili, alisema kazi iliyobaki: mtu huyu atunzwe. Tatu, alitoa cha kumtunzia, dinari mbili mkononi. Nne, aliyafikiria mambo ambayo hayajatokea bado. Kama gharama ikizidi, alisema ni nani atakayeilipa. Tano, aliahidi kurudi. Ndugu zangu, hayo ni makabidhiano kamili. Muuguzi yeyote mwenye ujuzi ataitambua pale kazi yake mwenyewe.

Ninaamini kwamba rehema ya Msamaria ilijaribiwa kesho yake asubuhi kama ilivyojaribiwa njiani. Njiani alikuwa na huruma iliyowaka. Asubuhi alikuwa na haraka. Na wengi wetu hatushindwi kwenye huruma. Tunashindwa kwenye haraka.

Lakini makabidhiano yana watu wawili. Yuko anayetoa, na yuko anayepokea. Bwana Yesu hakutuambia mwenye nyumba ya wageni alijibu nini, ila tunajua kwamba bila yeye mgonjwa angekufa katika nyumba nzuri. Anayepokea ana wajibu wa kuuliza. Ana wajibu wa kurudia alichoambiwa ili ijulikane kwamba amesikia sawasawa. Ana wajibu wa kumtazama mgonjwa kwa macho yake, wala asiamini karatasi peke yake.

Mwaka 2018 nchi yetu ilishtushwa na habari kutoka Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi. Kulikuwa na wagonjwa wawili. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda katika ubongo, akahitaji kupasuliwa. Mwingine alikuwa na uvimbe usiohitaji kisu. Majina yao yalichanganywa, na aliyepelekwa katika chumba cha upasuaji ni yule asiyehitaji. Madaktari walitambua kosa baada ya saa kadhaa, walipoitafuta damu iliyoganda wasiione. Baadhi ya watumishi walisimamishwa kazi, miongoni mwao muuguzi wa wadi na muuguzi aliyepokea wagonjwa kwenye chumba cha upasuaji.

Silitaji jambo hili ili tuwahukumu watu hao. Lilichunguzwa na wenye mamlaka. Nalitaja kwa sababu linatuonyesha ukweli mmoja. Mgonjwa yule hakuruka kutoka kitandani mpaka mezani. Alipita mkono mmoja hadi mwingine. Mahali pote pa kupokezana ni mlango ambapo mtu angeweza kusimama na kuuliza, "Huyu ni nani, naye anakwenda kufanyiwa nini?" Kuuliza si ujinga. Katika wadi, kuuliza ni ulinzi.

Wataalamu wa ulimwengu wamelitambua jambo hili. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri tisa ya kuwakinga wagonjwa na makosa ya hospitalini, na mojawapo lilihusu makabidhiano haya. Lilisema watumishi wapewe muda wa kutosha wa kukabidhiana, tena wapewe nafasi ya kuuliza na kujibu. Lilipendekeza pia mpango wa kusema mambo manne kwa taratibu: hali ya sasa, habari za nyuma, mtumishi mwenyewe anavyoona, na anachoshauri kifanyike. Mpango huo haukuanzia hospitalini. Ulianza kwa wanamaji wa Marekani katika nyambizi, ambako neno moja likisahauliwa watu wengi wanaweza kufa pamoja.

Na mwaka 2014 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 9 za Marekani na Kanada, katika wadi za watoto. Madaktari waliokuwa wakijifunza kazi walifundishwa kukabidhiana wagonjwa kwa mpango ulio wazi, na anayepokea arudie alichosikia. Makosa ya matibabu yalipungua kwa asilimia 23, na madhara ambayo yangeweza kuzuiwa yalipungua kwa asilimia 30. Wala hawakuhitaji muda mrefu kuliko zamani kufanya hivyo. Hawakuongezewa mashine, wala dawa mpya. Walijifunza kusema vizuri na kusikiliza vizuri.

Labda kuna mama huko Dundori anayesema, "Mhubiri, mimi si muuguzi. Mimi nina viazi vyangu na ng'ombe wangu wawili. Hayo yananihusu nini?"

Mama, yanakuhusu, tena kazi hiyo unaijua. Ukienda matangani siku mbili, na ukimwachia jirani ng'ombe wako, unamwambiaje? Humwambii tu, "Ng'ombe ni wazima." Unamwambia kwamba yule mwekundu ana uvimbe kwenye chuchu ya nyuma, akamuliwe mwisho. Unamwambia kwamba alidungwa sindano jana, kwa hiyo maziwa yake yasichanganywe na ya kupeleka kwa wanunuzi. Unamwonyesha nyasi zilipo, na unamwachia namba ya simu ya daktari wa mifugo. Kama tunaweza kumkabidhi ng'ombe hivyo, hatukosi akili ya kumkabidhi mtu.

Tena jamaa za mgonjwa nao wana zamu zao. Leo ni binti mkubwa anayekaa na mama hospitalini, kesho ni mke wa kaka. Wanapishana langoni, mmoja akiingia na mwingine akiwahi matatu. Wanasalimiana, wanapeana thamosi, basi. Binti alikuwa ameambiwa na sista kwamba mama asile wala asinywe kitu, kwa sababu anapasuliwa mchana. Hakusema. Mke wa kaka amebeba uji mzuri, kwa upendo mwingi, na mama anakunywa. Sasa upasuaji utaahirishwa, maana mtu aliyekula anaweza kutapika akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na matapishi yakaingia katika mapafu. Au isijulikane kabisa, na hatari ikawa kubwa zaidi. Ni upendo wa kweli, lakini haukukabidhiwa.

Basi, ninyi mnaopokezana kumtunza mzazi, hospitalini au nyumbani, wekeni daftari dogo karibu na kitanda. Andikeni dawa aliyopewa na saa aliyopewa. Andikeni alichokula. Andikeni jambo jipya mliloliona. Anayeondoka asome mbele ya anayeingia. Ni kazi ya dakika tano. Mkono mmoja haulei mwana, wala mkono mmoja hauuguzi mzazi. Lakini mikono mingi isiyoambizana ni hatari kuliko mkono mmoja.

Tena sisi tunaokaa vijijini tunajua makabidhiano mengine, yale ya safari. Mama aliyeanza uchungu hupelekwa kwanza kituo cha afya kilicho karibu. Ikionekana kuna shida, huandikiwa barua na kupelekwa Nakuru, kwenye hospitali ya rufaa ambayo zamani iliitwa Hospitali Kuu ya Mkoa wa Bonde la Ufa. Barua ile, ndugu zangu, si karatasi ya kupitia langoni tu. Ndani yake imeandikwa uchungu ulianza lini, mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwaje, dawa gani imekwisha kutolewa na saa ngapi. Hiyo ni sauti ya mkunga wa kwanza ikisafiri hadi kwa mkunga wa pili. Msiikunje na kuitia mfukoni mwa koti la mtu ambaye anabaki nyumbani. Isafiri pamoja na mama, pamoja na kijitabu chake cha kliniki, na wakabidhiwe wanaompokea.

Na wakati wauguzi wanapopita kitanda hadi kitanda, tuwape nafasi. Nusu saa hiyo si ya kuwavuta kanzu na kuuliza habari za bili. Tusimame kando. Ila kama wanamzungumzia mgonjwa wako, nawe unajua jambo ambalo halijatajwa, sema kwa heshima: "Sista, samahani, dawa hiyo ilimfanya avimbe mwaka jana." Neno hilo moja linaweza kuwa na thamani kuliko zawadi zote ulizoleta.

Na kama masikio yako yamesikia habari za mgonjwa wa kitanda cha jirani, zikomee hapo. Usizibebe mpaka kanisani, hata kwa kisingizio cha kumwombea. Mungu anaweza kumponya bila wewe kulitangazia kanisa zima ugonjwa wake.

Tukumbuke pia kwamba wauguzi wetu wana mzigo. Katika wadi nyingi za serikali muuguzi mmoja huachiwa wagonjwa wengi mno, hasa usiku. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma kwa muda wa karibu miezi mitano, na kila mtu alikuwa na maneno yake juu ya mgomo ule. Sitaingia katika hoja hizo. Lakini siku zile tuliona kwa macho yetu maana ya kuwa na mgonjwa na kukosa wa kumpokea. Tusingoje siku kama zile ndipo tuwathamini. Ukimwona muuguzi anabaki baada ya zamu yake kwa sababu hajamaliza kueleza habari za wagonjwa, usidhani anapiga soga. Anafanya kazi ya Msamaria siku ya pili.

Sasa neno la mwisho, na hili nalisema hasa kwa watu waaminifu. Kuna kosa la kuondoka bila kukabidhi. Lakini kuna kosa jingine, nalo huvaa mavazi ya wema: kukataa kuondoka. Yuko binti ambaye haamini kwamba kuna mtu mwingine anayeweza kumtunza mama yake. Halali, hali, hamwachii mtu. Yuko muuguzi anayeamini kwamba wadi haiwezi kusimama bila yeye. Ndugu mpendwa, anayekesha siku tatu huanza kukosea. Mkono uliochoka hupima dawa vibaya. Hata Msamaria aliendelea na safari yake, na Bwana Yesu hakumlaumu kwa hilo. Alimwacha mgonjwa katika mikono mingine, akaenda, akiahidi kurudi.

Kukabidhi ni unyenyekevu. Ni kukiri, "Mimi si Mungu. Nguvu zangu zina mwisho, na mwisho huo umefika saa hii." Mwenye zaburi ya 121 alijua kwamba Mlinzi wa Israeli hasinzii wala hana haja ya usingizi. Yeye peke yake hana zamu. Na kwa sababu Yeye hana zamu, sisi tunaweza kuwa na zamu, tukalala bila hofu baada ya kutimiza sehemu yetu.

Naye Bwana wetu mwenyewe, akiwa msalabani, katika maumivu ambayo hakuna muuguzi aliyeyatuliza, alimwona mama yake amesimama chini. Hakumwacha kwa maneno ya jumla. Katika Yohana 19 tunasoma jinsi alivyomwelekeza mama kwa mwanafunzi aliyempenda, na mwanafunzi kwa mama. Alisema nao wote wawili, anayekabidhiwa na anayepokea, na kila mmoja akasikia. Na imeandikwa kwamba tangu saa ile mwanafunzi yule alimchukua nyumbani kwake. Hapo ndipo makabidhiano yanapotimia: neno limesemwa, limesikika, na mtu amepokewa.

Basi, wewe unayetoka zamu asubuhi hii, kabla hujavua sare yako, jiulize: ni jambo gani ninalolijua juu ya mgonjwa ambalo bado liko kichwani mwangu peke yangu? Rudi ukaliseme. Wewe unayeingia, jiulize: ni nani ambaye sijamtazama bado? Nenda ukamtazame. Nawe uliye nyumbani na mzazi mgonjwa, usiondoke leo kwenda sokoni kabla hujamwambia anayebaki mambo yote anayopaswa kujua.

Tuombe. Ee Baba, tunakushukuru kwa mikono inayotutunza tukiwa wagonjwa. Uwape wauguzi wetu pumziko jema baada ya usiku mrefu, na macho maangavu kwa wanaoanza. Uwafundishe kusema yote yanayohitajika, na uwafundishe kusikia. Uwalinde wagonjwa wetu hasa katika saa ile wanapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Na sisi sote utufanye waaminifu kwa mtu uliyemweka mikononi mwetu, mpaka tutakapomkabidhi vizuri. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.